Mkanda wa Masista

Jenereta la misheni lilizimwa saa nne kamili usiku, siku zote. Bruda aliyeshika funguo zake hakuwa mtu wa kubembelezwa. Hata kama askofu yupo mezani na paja la kuku mkononi, ikifika saa nne taa zinakonyeza mara mbili, kisha giza. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwaka 1989, tulipoiona The Sound of Music kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia yetu huko Ruvuma, sinema ilikwisha kwenye harusi.

Wala hatukujua kama tumepunjwa. Bibi harusi kapendeza, gauni linafagia sakafu ya kanisa, masista wamemsindikiza mpaka kwenye geti la chuma wakabaki ndani wakichungulia, bwana harusi anasubiri mbele na sare yake, kengele zinalia. Mtu anataka nini tena? Taa zilipozimika wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele. Wiki nzima watu walisimuliana harusi ya yule sista aliyeolewa na mjane mwenye watoto saba. Wanazi tulikuwa hatujawaona, isipokuwa bwana mmoja kwenye sherehe aliyekuwa amenuna, nasi tulidhani amenyimwa chakula.

Nieleze kidogo kwa walio wadogo. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Cha kwanza kilikuja mwaka 1994, wenzetu wa Zanzibar wakiwa wametutangulia kwa miaka kama ishirini. Televisheni ya misheni ilikuwa haina kazi nyingine ila kuunganishwa na deki, nayo deki ilitolewa kabatini kwa sikukuu tu. Mikanda tuliyokuwa tumeiona ilikuwa miwili: mkanda wa Yesu na mkanda wa ziara ya Papa. Huu wa tatu uliletwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Kanada, ukiwa kaseti mbili ndani ya boksi moja, kwa sababu filamu yenyewe ina dakika 174. Hakuna aliyejisumbua na jina la Kiingereza. Ulikuwa mkanda wa masista, na mpaka leo nikienda nyumbani ndivyo unavyoitwa.

Jina hilo lina maana yake. Sisi ni watoto wa Wabenedikto. Wamisionari wa Mtakatifu Ottilien walifika Peramiho mwaka 1898, na kwetu sista si mtu wa kwenye picha. Sista ndiye aliyemzalisha mama yako, ndiye aliyekuchoma sindano, ndiye aliyekufukuza kwenye mapera ya konventi. Sasa filamu inaanza, na baada ya ile milima na yule dada anayezunguka huku ameinua mikono, tunaingizwa moja kwa moja kwenye monasteri ya Nonnberg, nayo ni ya Wabenedikto vilevile. Kanzu nyeusi ni zilezile. Na wanachofanya masista wale ni kitu ambacho sisi tulikijua vizuri kuliko Wamarekani wote waliolipa tiketi: wanamsengenya Maria, msichana ambaye bado yuko kwenye majaribio ya utawa. Anachelewa sala, anapanda miti, anaimba pasipotakiwa kuimbwa, anapiga mluzi kwenye ngazi. Masista wetu, waliokuwa wamekaa mstari wa mbele, walicheka mpaka mmoja akavua miwani.

Nyuma yao alikaa shangazi yangu mdogo. Alikuwa ameingia utawani, akarudi baada ya miezi minane, na nyumbani hilo lilikuwa jambo la kunong'onwa jikoni. Maria, aliyetumwa kulea watoto saba wa yule mjane, Nahodha von Trapp, anapokimbilia tena monasteri kwa kuogopa moyo wake mwenyewe, Mama Mkuu anamwambia kwamba kuta zile hazikujengwa kwa ajili ya kujifichia, kisha anamrudisha alikotoka. Baba alilitafsiri hilo kwa sauti ndogo. Nilimwona bibi, ambaye hakuwa amezungumza na shangazi vizuri tangu arudi, akinyoosha mkono na kumwekea shangazi kwenye goti. Hakusema kitu. Aliuacha hapo mpaka wimbo ukaisha, na wimbo ule ni mrefu.

Ndiyo, baba ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya parokia. Alisimama pembeni ya televisheni na fimbo ya ubaoni, akitafsiri kwa namna yake. Maneno ya dakika mbili aliyamaliza kwa neno moja: "Anamwonya." Wakinong'ona mapenzi alisema: "Wanaongea mambo yao." Kisha ikafika sehemu ambayo Nahodha von Trapp anatoa filimbi mfukoni, anaipuliza, na watoto wanashuka ngazi mstari mmoja, sare za mabaharia, mguu sawa, kila mmoja akiwa na mlio wake wa kuitwa kama mbwa wa mawindo.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama baba.

Filimbi ya baba iliijulisha nusu ya wilaya kwamba ni saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa nayo shingoni hata pale, usiku, kwa mazoea. Akaitumbukiza ndani ya shati, akakohoa, akasema, "Huyu ni mwanajeshi." Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Lakini kilichotuponza tukakosa mwisho wa filamu ni wimbo wa noti. Maria yuko kwenye majani na gitaa, watoto wanamwambia hawajui wimbo wowote. Hata mmoja. Anaanza kuwafundisha do, re, mi. Baba aliacha kutafsiri, akausogelea ule mtambo hadi pua ikakaribia kioo. Wimbo ulipokwisha alibonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Tukauona tena. Akarudisha tena, safari hii akiwaita kwa majina wanakwaya wa sauti ya pili wasogee mbele. Mara tatu, na bruda kule anaangalia saa yake.

Nimeshaiangalia sehemu hiyo mara nyingi sana tangu hapo, na naona baba alikuwa na haki. Itazame vizuri. Kwanza Maria anaipa kila noti kitu cha kuikumbukia. Halafu anawaambia noti ni vifaa tu, anaziondoa kwenye mstari wake na kuzichanganya. Mwisho anaweka maneno, neno moja kwa kila noti. Yote hayo yakiendelea, kamera inaruka kutoka mlimani hadi mjini Salzburg, Austria, kwenye gari la farasi, kwenye baiskeli, hadi wanapomalizia kwenye ngazi za bustani ya Mirabell wakipanda na kushuka kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Kwa saa ya ukutani ni dakika chache. Kwa hadithi ni siku nyingi za mazoezi, na watoto walioanza hawajui kitu wanamaliza wanaimba kwa sauti tofauti tofauti. Mtazamaji naye, bila kuombwa, amefundishwa. Filamu nyingi za muziki zinakuonyesha watu wanaojua kuimba. Hii inakuonyesha wasiojua, halafu inakupitisha kwenye njia waliyopita.

Mtu aliyekulia kwenye kwaya zetu ataniambia hilo si jipya, na kweli si jipya. Noti kwanza, maneno baadaye: ndivyo kila wimbo unavyofunzwa kuanzia Mbinga mpaka Bukoba. Unapewa karatasi ya stensili iliyojaa d na r na m na nukta mbili mbili, wino umetapakaa, sauti ya nne wanalalamika hawaoni. Mnaimba noti zenyewe wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kugusa neno moja la zaburi. Mfumo huo wa herufi ulianzia Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa huko Norwich, aliubuni, mchungaji John Curwen akaukamilisha na kuusambaza katika karne ya 19, wamisionari wakaubeba kwenye masanduku yao. Glover ndiye aliyeigeuza si ya Waitalia kuwa ti, ili kila noti ianze na herufi yake. Na ukirudi nyuma zaidi, majina yenyewe yametokana na tenzi ya Kilatini ya Yohane Mbatizaji ambayo mistari yake sita ya kwanza huanza kila mmoja hatua moja juu ya uliotangulia. Aliyeyatumia kufundishia waimbaji, katika karne ya 11, ni Guido wa Arezzo. Mmonaki. Mbenedikto! Baba alilijua hilo, na alilisema kila mwaka wanakwaya wapya walipoanza, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake.

Jumapili iliyofuata baada ya misa alikuja na toleo la Kiswahili. Kwa Kiingereza ule wimbo ni mchezo wa maneno. Do inasikika kama paa jike, re kama mwali wa jua, mi kama mimi, so kama kushona, ti kama chai. Ukitafsiri umeua kila kitu, kasoro mi, ambayo kwa bahati njema imetuangukia sisi pia. Baba hakutafsiri. Alikaa chini ya mwembe na kidaftari, akihesabu mizani kwenye vidole, mizani saba kila mstari, akaandika:

Do ni dodo la pwani,
Re ni rede, tucheze,
Mi ni mimi na wewe,
Fa farasi yu wapi?
So ni soko, twendeni,
La ni la, wala siyo,
Ti tikiti la maji,
Na tunarudi kwa do.

Mstari aliouonea fahari ni wa la. Oscar Hammerstein, mtunzi wa maneno ya Kiingereza, bingwa wa kazi hiyo, alipofika kwenye la aliishiwa. Hakupata neno la kufananisha, akaandika tu kwamba ni noti inayofuata so. Baba alikuwa akituonyesha mahali hapo kwa kidole hewani: "Mmarekani hapa alikwama. Kiswahili kina la yake." Paroko alipendekeza iwe "la ni lala", kwamba si vizuri watoto kuimba la-siyo kanisani. Baba alikataa. Kulala kwenye kwaya, alisema, kulikuwa kumeshazidi bila kuimbiwa.

Sasa ile sehemu nyingine, ambayo naamini ndiyo iliyobeba filamu nzima. Mtumbwi umepinduka ziwani, watoto na Maria wameloa chapachapa, wamevaa nguo zilizoshonwa kwa mapazia ya zamani. (Sisi wa miaka ya 1980 nguo za mapazia hazikutushangaza. Nimevaa sketi ya gunia la unga wa msaada, maandishi yakiwa upande wa ndani.) Nahodha amefura. Maria naye hakubali kunyamaza, anamwambia watoto wako huwajui, na anawataja mmoja mmoja. Anafukuzwa kazi palepale. Halafu kutoka ndani ya nyumba inasikika sauti. Watoto wanamwimbia mgeni wa baba yao. Nahodha anaifuata ile sauti, anasimama mlangoni, na katikati ya ubeti anaingia. Anaimba peke yake, taratibu, kama mtu anayejaribu kama mguu uliovunjika utahimili. Watoto wananyamaza, hawajui waangalie wapi.

Hapo baba hakutafsiri chochote. Kulikuwa hakuna cha kutafsiri.

Nyumbani kwetu baba hakuwa anaimba. Sauti yake ilikuwa ya kanisani, ilirudishwa kabatini pamoja na vitabu vya nyimbo. Nyumbani alikuwa na redio, na kikohozi kifupi ambacho kilitosha kutunyamazisha watoto sita. Nisiwadanganye kwamba baada ya mkanda ule alibadilika. Kikohozi kilibaki, filimbi ilibaki. Ila asubuhi, akinyoa ndevu uani mbele ya kipande cha kioo, tulianza kumsikia: do ni dodo la pwani. Ukitokeza, ananyamaza. Tukajifunza kutotokeza.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma kwamba sauti ile ya Nahodha si ya Christopher Plummer, aliyemwigiza. Alirekodi nyimbo zake, kisha zikawekwa za mwimbaji mwingine, Bill Lee. Na Plummer mwenyewe kwa miaka mingi aliichukia filamu hii waziwazi na kuipachika jina la kejeli, lenye makamasi ndani yake. Niliumia kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba barua ya posa iliandikwa na jirani. Halafu nikairudia ile sehemu ya mlangoni bila sauti. Uso ni wake. Ule ugumu wa shingo unaolegea ni wake, na labda kule kutopenda utamu ndiko kulikomwokoa: angekuwa mtu wa kutabasamu tangu mwanzo, tusingekuwa na cha kungojea.

Sehemu iliyobaki tuliiona Jumapili baada ya wiki moja, mchana, mapazia yamefungwa. Nusu ya watu hawakuja, maana harusi walishaiona. Si wao peke yao waliofikiri hivyo. Filamu ilipopelekwa Ujerumani Magharibi, kule Munich waliikata mara baada ya harusi ili Wanazi wasionekane kabisa, mpaka makao makuu ya Fox, studio iliyoitengeneza, yakaamuru sehemu iliyokatwa irudishwe. Kwa hiyo bruda wetu na wale wakubwa wa Munich walifikia uamuzi mmoja kwa sababu tofauti. Na nikifikiria ile wiki tuliyokaa na nusu filamu, naona tulichokuwa nacho kilikuwa kizuri, lakini kisingekaa kichwani miaka 30.

Maana kwenye nusu ya pili nyimbo zilezile zinarudi zikiwa na kazi nyingine. Edelweiss, wimbo mdogo wa ua la mlimani ambao Nahodha aliwaimbia watoto sebuleni na gitaa, sasa anauimba jukwaani, mbele ya wale waliokuja kumchukua akatumikie jeshi la majini la Hitler. Katikati sauti inamkatika. Maria anaingia, watoto wanaingia, kisha ukumbi mzima unaimba, wakubwa wa Kinazi wakiwa wamekaa kimya viti vya mbele. Watu wengi wanadhani ni wimbo wa jadi wa Austria, wengine hata wimbo wa taifa. Uliandikwa Marekani, kwa ajili ya onyesho la jukwaani lililofunguliwa Broadway Novemba 1959, muziki wa Richard Rodgers na maneno ya Hammerstein. Ni maneno ya mwisho ya wimbo aliyoandika. Alikufa Agosti 1960, wala filamu hii ya mwaka 1965 hakuiona. Mgonjwa wa saratani anaandika wimbo wa kuaga nchi ambayo si yake, na miaka 30 baadaye kwaya ya Ruvuma inataka kuufanya wimbo wa matoleo. Paroko alikataa. Safari hii alikuwa sahihi.

Mwishoni familia inavuka milima kwa miguu kwenda Uswisi, muziki unapanda, Gretl amebebwa mgongoni. Tulipiga makofi. Sista mmoja Mjerumani wa zahanati, mzaliwa wa Bavaria, alikuwa anacheka peke yake. Baba akamuuliza kuna nini.

"Mwalimu," alisema, "mlima ule ukiuvuka kutoka Salzburg hufiki Uswisi. Unafika kwetu. Unamwangukia Hitler mezani."

Ni kweli kabisa. Salzburg iko mpakani na Ujerumani, na Hitler alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya pale, karibu na Berchtesgaden. Akina von Trapp wenyewe waliondoka kwa treni kwenda Italia, tena mchana. Sista yule filamu hii alikuwa hajawahi hata kuisikia. Yeye alikuwa na ya kwao, Die Trapp-Familie ya mwaka 1956, aliyoiona akiwa msichana, na Maria wa kweli kwake alikuwa Ruth Leuwerik. Hii yetu ilimwonekea kama mtu anayejifanya Mjerumani kwa kuvaa kofia yenye unyoya. Na hivyo ndivyo Wajerumani na Waaustria wengi walivyoiona. Watalii wanafurika Salzburg kutafuta zile ngazi na lile banda la kioo, wenyeji wanawauzia tiketi za basi, na wengi wao hawajawahi kuitazama.

Ya kweli nimeyasoma baadaye, na yanavutia kwa namna nyingine. Maria Kutschera aliitwa kumfundisha mtoto mmoja tu, aliyekuwa amedhoofishwa na homa. Walioana mwaka 1927, miaka 11 kabla Hitler hajaimeza Austria, na bwana harusi alimzidi miaka 25. Nahodha Georg hakuwa katili, watoto wake walilalamika sana kuhusu hilo. Muziki ulikuwemo nyumbani kabla Maria hajafika. Mwenye hasira za ghafla alikuwa Maria. Filimbi tu ndiyo ya kweli, maana eneo la nyumba lilikuwa kubwa. Kwaya yao iliongozwa na padre, Franz Wasner, ambaye kwenye filamu hayumo kabisa, jambo ambalo baba alilichukulia kama dhuluma dhidi ya walimu wote wa kwaya duniani. Na Georg aliwahi kuongoza nyambizi katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha vita vikaisha na Austria ikapoteza pwani yake yote. Nahodha wa nchi isiyo na bahari. Hilo peke yake ningelitengenezea filamu.

Je, uongo huo unaipunguzia thamani? Wahakiki walisema hivyo tangu siku ya kwanza. Pauline Kael aliuita uongo uliopakwa sukari. Watu hawakumsikiliza. Studio ya Fox, iliyokuwa imefilisiwa karibu kabisa na filamu yake ya Cleopatra, ilitumia dola milioni 8 na ushee, ikapata filamu iliyoipiku Gone with the Wind kwa mapato na kuchukua Oscar 5, ikiwemo ya filamu bora. Mimi nakubali sukari ipo. Wimbo wa mambo ninayoyapenda haujawahi kunigusa. Ule wa vijana wawili kwenye banda la kioo ni mrefu mno, huwa nakwenda kubandika chai. Mama yule tajiri wa Vienna anaonewa, maana kosa lake ni kutopenda kucheza mpira. Lakini wakosoaji wa utamu huwa wanazungumzia milima na watoto wazuri, kana kwamba tunairudia kwa ajili ya mandhari. Sijaona aliyeeleza kwa nini watu wazima, wenye baba zao, wanakaza shingo pale mlangoni.

Mume wangu ni mtoto wa Tanga, amelelewa na sinema za Kihindi. Nilipomwonyesha kwa mara ya kwanza, nusu saa haijapita akasema, "Ngoja. Hii si ya Jeetendra?" Akanisimulia kila kitakachotokea, akakosea kidogo tu. Alikuwa anaisema Parichay ya mwaka 1972, ya Gulzar: mwalimu anakuja kwenye nyumba ya mzee mkali, watoto watundu wamewafukuza walimu wote waliotangulia, na kuna wimbo wa noti za Kihindi, sa re ga ma. Pale mkali ni babu, ameigiza Pran. Mume wangu anashikilia mpaka leo kwamba Pran anatisha zaidi ya Plummer, na kwa hiyo akilegea inauma zaidi. Tumeligombania hilo mbele ya wageni.

Desemba iliyopita tuliiweka binti yetu aione, ana miaka saba. Nilitegemea achoke kabla ya masista kumaliza kusali. Aliuliza maswali mawili tu: kwa nini baba yao ana filimbi, na kwa nini nimeacha kuongea. Siku iliyofuata nikamfundisha toleo la babu yake. Akalimeza lote kabla ya chakula cha mchana, halafu akasimama kwenye mstari wa nne.

"Kwa nini babu anauliza farasi yu wapi? Mimi nimemwona."

Alikuwa amemwona kweli, hapa Dar es Salaam, farasi wa polisi. Akachukua penseli, akakata mstari, akaandika wake. Jioni tukampigia baba. Ana miaka 81, masikio yamepungua, simu anaishika mbali kama kioo cha kunyolea. Binti akaimba wote, do mpaka do, na pale katikati akaweka mstari wake: fa, farasi nimemwona.

Upande wa pili kukawa kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha nikasikia kile kikohozi.

"Mizani imezidi moja," alisema baba. "Rudia."